Kuondoa Kompyuta Chakavu ya Nyumbani kwa Usalama: Mwongozo kwa Wananchi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Mwananchi mwenye kompyuta ya nyumbani iliyokwisha kazi ana mambo mawili ya kutekeleza kabla kifaa hicho hakijatoka mikononi mwake. La kwanza ni kuondoa taarifa zake binafsi zilizomo ndani. La pili ni kuhakikisha kifaa kinamfikia mwenye kibali cha kukusanya taka za kielektroniki, badala ya kuishia jalalani, motoni au kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu.

Mambo hayo yana uzito wa pekee katika Wilaya za Mbinga na Nyasa, Mkoa wa Ruvuma. Wilaya hizi ziko zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na maji ya sehemu kubwa ya milima yake huteremkia Ziwa Nyasa, ambalo ni chanzo cha kitoweo, maji na kipato kwa wakazi wa mwambao. Makala hii inaeleza hatari iliyomo katika kompyuta chakavu, sheria zinazohusika, na hatua ambazo kaya, duka au chama cha ushirika kinaweza kuchukua.

KOMPYUTA ZILIVYOFIKA NA ZINAVYOCHAKAA

Kwa miaka mingi Mkoa wa Ruvuma ulitegemea mitambo ya dizeli kwa ajili ya umeme. Hali hiyo ilibadilika baada ya kukamilika, mwaka 2018, kwa njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyouunganisha mkoa na Gridi ya Taifa. Kadiri umeme wa uhakika ulivyoenea, kompyuta zilizidi kuingia katika nyumba za watumishi, maduka ya stationari, shule, zahanati na ofisi za vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) vinavyokusanya kahawa ya wakulima. Nyingi zilinunuliwa zikiwa za mtumba, maana yake zilifika zikiwa zimekwisha kutumia sehemu kubwa ya umri wake.

Sababu nyingine ya vifaa vingi kuwekwa kando ni ya kiteknolojia. Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa mfumo endeshi wa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya kupokea Windows 11, hivyo wenye nazo huanza kufikiria kuziacha hata kama bado zinawaka.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024 inaonesha kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi. Kwa upande wa Afrika kiwango hicho ni chini ya asilimia moja.

KILICHOMO NDANI YA KOMPYUTA

Kompyuta imetengenezwa kwa chuma, alumini, plastiki, kioo, shaba na kiasi kidogo sana cha dhahabu. Pamoja na vitu hivyo zimo kemikali ambazo hazina madhara kifaa kikiwa kizima, lakini huwa hatari kikivunjwa, kikichomwa au kikifukiwa ardhini.

Monita za zamani zenye mgongo mkubwa zina madini ya risasi katika kioo chake, na monita moja inaweza kubeba zaidi ya kilo moja ya madini hayo. Risasi hupatikana pia katika lehemu inayoshikilia vipande vya bodi kuu za kompyuta za zamani. Skrini bapa za miaka ya mwanzo zina taa nyembamba ndani yake zenye zebaki. Betri za kompyuta mpakato za kisasa ni za lithiamu, nazo huweza kuwaka moto zikitobolewa, zikibanwa au zikipata joto kali. Plastiki za kasha na bodi huchanganywa na kemikali za bromini za kuzuia moto, na nyaya hufunikwa kwa plastiki ya PVC ambayo ikichomwa katika moto wa kawaida hutoa dioksini, sumu inayodumu kwa muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya wanyama.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto wadogo na wajawazito, kwa kuwa risasi huathiri ukuaji wa ubongo. Mtoto huipata kwa njia rahisi kabisa: hucheza penye vumbi au majivu, kisha huweka mikono mdomoni.

Mfano wa wazi wa madhara ya kuchoma nyaya na vifaa ni eneo la Agbogbloshie jijini Accra, Ghana, ambako kwa miaka mingi vijana walichoma nyaya ili kupata shaba, kabla ya mamlaka kulibomoa eneo hilo Julai 2021. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 na mashirika ya IPEN na Basel Action Network ulipima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula katika eneo hilo. Ilibainika kuwa mtu mzima akila yai moja tu angezidi mara 220 kiwango cha dioksini kinachovumilika kwa siku kwa mujibu wa mamlaka ya chakula ya Ulaya. Kaya ya Mbinga inayochoma kompyuta moja haiwezi kulinganishwa na Agbogbloshie kwa ukubwa. Hata hivyo njia ya sumu ni ileile, kwa kuwa kuku wa kienyeji hudonoa palepale uani penye majivu.

MLIMA, MTO NA ZIWA

Umbo la nchi ya Mbinga na Nyasa linaongeza sababu ya tahadhari. Milima ya Umatengo ina miteremko mikali, na wakulima wake wanafahamika kwa kilimo cha ngoro, ambacho nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, hufunikwa kwa udongo na kuacha mashimo ya mraba yanayozuia maji ya mvua yasikimbie na rutuba. Utaratibu huo umelinda udongo kwa vizazi vingi. Lakini shimo linalotunza maji na mboji hutunza pia sumu. Majivu ya kompyuta au nyaya zilizochomwa yakimwagwa shambani kama mbolea, metali nzito zilizomo hubaki katika ngoro na karibu na mizizi ya mahindi na maharage.

Kinachosombwa na mvua huendelea na safari. Sehemu ya maji ya milima hii hutelemka moja kwa moja magharibi hadi ziwani, sehemu nyingine huingia katika Mto Ruhuhu unaomwaga maji yake ziwani karibu na Lituhi, na maji ya upande wa pili huelekea Mto Ruvuma unaoelekea Bahari ya Hindi. Jalala lililo kwenye korongo la mlimani, kwa hiyo, lina uhusiano na watu walio mbali nalo.

Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa barani Afrika na kina chake kinafikia takriban meta 700. Maji hutoka ziwani kupitia mto mmoja tu, Mto Shire, ulio kusini nchini Malawi. Kwa sababu ya kina hicho na njia hiyo moja ya kutokea, maji ya ziwa huchukua muda mrefu sana kubadilika, na metali nzito zikishaingia haziozi wala haziyeyuki zikaisha. Katika vijiji vya mwambao, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, usipa huanikwa juani karibu na maji, na mchanga huohuo ndio uwanja wa watoto na njia ya wachota maji. Ufukwe haufai kuwa mahali pa kutupa wala kuchomea kifaa chochote cha umeme.

SHERIA INAVYOELEKEZA

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuwa na mazingira safi, salama na yenye kulinda afya, na papo hapo inamwekea wajibu wa kuyalinda. Chini ya sheria hiyo zilitungwa, mwaka 2021, Kanuni za Udhibiti na Usimamizi wa Taka za Vifaa vya Umeme na Elektroniki. Kanuni hizo zinaitenga kompyuta chakavu na taka za kawaida, na zinataka shughuli za kukusanya, kusafirisha na kuchakata taka hizo zifanywe na wenye vibali. Msimamizi wa utekelezaji ni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Katika ngazi ya wilaya, mtu wa kwanza kuulizwa ni Afisa Mazingira wa Halmashauri. Wananchi wa eneo hili wanahudumiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Mbinga, Halmashauri ya Mji wa Mbinga na Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012 na kuwa na makao yake Mbamba Bay. Katika ngazi za chini wapo Watendaji wa Kata, Vijiji na Mitaa.

Kwa upande wa taarifa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya taarifa za watu wengine kuzilinda dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoruhusiwa. Wajibu huo haukomi kwa sababu tu kompyuta imeharibika.

KWANZA, JE, KOMPYUTA IMEKUFA KWELI?

Kifaa kinachoendelea kutumika si taka. Kabla ya kuamua kuiondoa, kompyuta ipelekwe kwa fundi anayeaminika kwa uchunguzi. Kompyuta iliyo nzito na ya polepole mara nyingi huhitaji kuongezewa kumbukumbu au kubadilishiwa diski ya zamani kwa diski ya SSD. Isiyokubali Windows 11 inaweza kuwekewa mfumo endeshi wa Linux, ambao hupatikana bila malipo, hupokea masasisho ya usalama, na unatosha kwa kuandika barua, kusoma barua pepe na kujifunzia. Kompyuta isiyopokea masasisho yoyote isitumike kwa miamala ya benki wala kuingia katika mifumo ya Serikali.

Kuigawa kwa shule au jamaa ni jambo jema, kwa sharti la kuwa inafanya kazi, imekamilika na imesafishwa taarifa. Kutoa msaada wa kifaa kisichowaka ni kuhamishia taka kwa mwingine, tena kwa taasisi ambayo huenda haina uwezo wa kuiondoa.

KUONDOA TAARIFA BINAFSI

Kompyuta ya nyumbani huhifadhi mengi kuliko mwenye nayo anavyokumbuka: nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi, hati ya ardhi iliyoskaniwa, vyeti vya shule, maombi ya mkopo wa elimu ya juu, picha za familia na nywila zilizohifadhiwa katika kivinjari. Mtu mwenye nia mbaya akizipata anaweza kuzitumia kwa utapeli au kujifanya mwenye nazo.

Jambo la msingi la kuelewa ni kwamba kufuta faili na kumwaga kilichomo katika pipa la taka la kompyuta hakuondoi taarifa. Mfumo huondoa anwani ya faili tu, kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu kizima. Programu za kurejesha faili zinapatikana kwa urahisi, na fundi wa kawaida anaweza kuzitumia. Hatua zinazoshauriwa ni hizi:

1. Kutunza nakala. Nyaraka na picha zinazohitajika zihamishiwe kwenye diski ya nje au flashi, kisha zifunguliwe katika kompyuta nyingine ili kuthibitisha kuwa zimehamia salama.

2. Kutoka katika akaunti. Mtumiaji atoke katika barua pepe, mitandao ya kijamii, huduma za benki na mifumo ya kazi. Aliyekuwa akitumia WhatsApp kwenye kompyuta aifungue kwenye simu yake, aende sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na kuiondoa kompyuta hiyo.

3. Kutoa vilivyochomekwa. Flashi, kadi za kumbukumbu, santuri na modemu yenye laini ya simu husahaulika mara kwa mara.

4. Kusafisha diski. Katika Windows 10 na 11, sehemu ya mipangilio ina huduma ya kuirejesha kompyuta katika hali ya mwanzo. Mtumiaji achague kuondoa kila kitu, kisha katika mipangilio ya ziada achague kusafisha diski yote. Kazi hii huweza kuchukua saa kadhaa, hivyo kompyuta iwe kwenye umeme wa uhakika. Kwa diski ya kuzunguka iliyochomekwa kwenye kompyuta nyingine, kufomati kamili, tofauti na kufomati kwa haraka, huandika sifuri juu ya diski nzima kuanzia toleo la Windows Vista na yaliyofuata. Kwa diski ya kisasa ya aina hiyo, kuandika juu yake mara moja kunatosha kwa mahitaji ya kaya.

5. Kuzingatia aina ya diski. Diski ya SSD hutunza taarifa kwa namna tofauti, na kuandika juu yake hakufikii kila sehemu. Hiyo isafishwe kwa programu ya mtengenezaji wake yenye amri ya kufuta kwa usalama.

6. Kuharibu diski pale isipowezekana kuisafisha. Kompyuta isiyowaka bado ina taarifa. Fundi aombwe kuitoa diski mbele ya mwenye nayo. Diski ya kuzunguka hutobolewa kwa drili katika sehemu kadhaa hadi sahani za ndani, na SSD huvunjwa vipande vyake vyeusi vya kumbukumbu. Miwani ya kukinga macho na glavu ni lazima, kwa kuwa sahani za diski nyingi za kompyuta mpakato ni za kioo na hupasuka kuwa vigae. Diski isichomwe moto. Mabaki yake yawekwe katika mfuko na kukabidhiwa pamoja na kifaa.

Asiyetaka kuharibu diski anaweza kuitoa na kuitunza nyumbani, kisha kukabidhi kompyuta bila hiyo. Njia hii ni rahisi na salama, mradi diski isije ikasahaulika na kuuzwa baadaye.

VITU VISIVYOFUNGULIWA NYUMBANI

Kutoa diski ni kazi ndogo. Kuna sehemu nyingine ambazo mtu asiye na mafunzo hapaswi kuzigusa. Monita ya zamani yenye mgongo hutunza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na bomba lake likivunjika hupasuka kwa nguvu na kurusha vigae vyenye risasi. Kisanduku kinachopokea umeme ndani ya kompyuta ya mezani nacho kina kapasita zinazoweza kumpiga mtu shoti. Skrini bapa isipasuliwe kwa sababu ya zebaki. Ikipasuka kwa bahati mbaya, watoto waondolewe, madirisha yafunguliwe, na vipande vikusanywe kwa kadibodi na kitambaa chenye unyevu badala ya ufagio unaotimua vumbi.

Betri ya kompyuta mpakato iliyovimba isitobolewe, isichajiwe wala kubanwa irudi mahali pake. Inapoweza kutolewa bila kutumia nguvu, itolewe, miguu yake ya shaba ifunikwe kwa utepe wa plastiki, na iwekwe katika chombo kisichoshika moto, kama ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, mbali na jiko na jua. Joto la mwambao hufanya tahadhari hii kuwa muhimu zaidi kuliko katika baridi ya milimani. Betri ya namna hiyo isipakiwe kwenye basi la abiria bila kumjulisha mhusika wa usafirishaji.

Wapo wanaovutwa na habari kuwa bodi za kompyuta zina dhahabu. Ni kweli kwamba zimo chembe, lakini katika kompyuta moja ni kidogo mno, na kuitoa kwa tindikali nyumbani huzalisha mvuke unaounguza mapafu na maji machafu yasiyo na mahali salama pa kumwagwa. Kazi hiyo hufanyika katika viwanda maalumu vinavyopokea bodi kwa tani.

KUHIFADHI NA KUKABIDHI

Kifaa kilichokwisha kusafishwa taarifa kiandaliwe kwa makabidhiano. Ifahamike kwamba kukitunza kwa muda nyumbani, mahali pakavu palipoezekwa na pasipofikiwa na watoto, ni bora kuliko kukitupa kwa haraka. Kompyuta nzima iliyofunikwa stoo haimwagi sumu. Mwenye nayo atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, au moja kwa moja kwa Afisa Mazingira wa Halmashauri, akitaja aina na idadi ya vifaa, na kuomba maelekezo kuhusu mkusanyaji mwenye kibali anayefika katika eneo hilo.

Gharama ya usafiri ndiyo kikwazo kikubwa kwa wilaya zilizo mbali. Kompyuta moja haimlipi msafirishaji, lakini shehena ya kata nzima inaweza kumlipa. Kwa sababu hiyo inashauriwa kaya, shule na vyama katika eneo moja kuorodhesha vifaa vyao kwa pamoja kupitia kwa Mtendaji, ili Halmashauri iweze kupanga siku moja ya ukusanyaji. Barabara ya lami inayounganisha Mbamba Bay, Mbinga na Songea imerahisisha safari ya namna hiyo.

Wakati wa kukabidhi, mwananchi aombe kuoneshwa kibali cha NEMC na apewe hati ya makabidhiano yenye tarehe, aina ya kifaa, namba yake ya utambulisho, jina la mpokeaji na namba ya kibali. Karatasi hiyo ni kinga yake iwapo kifaa kitaokotwa jalalani au kutumiwa katika uhalifu.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mitaani hutoa fedha papo hapo, na hilo hushawishi. Lakini wanachotafuta ni chuma na shaba. Sehemu nyingine, zikiwamo bodi, kioo cha monita na plastiki, hazina bei kwenye mizani yao na mara nyingi huachwa korongoni au huchomwa. Diski yenye taarifa nayo huondoka na yeyote. Kompyuta isiuzwe kwa mnunuzi asiye na kibali cha taka za kielektroniki.

Ukaribu wa mpaka unahitaji neno la pekee. Vyombo vya majini husafiri kati ya Mbamba Bay na bandari za upande wa pili wa ziwa, na mtu anaweza kuona wepesi wa kuuza vifaa chakavu ng'ambo. Tanzania, Malawi na Msumbiji zote ni wanachama wa Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatarishi kati ya nchi na nchi. Tangu tarehe 1 Januari, 2025, marekebisho ya mkataba huo yamezihusisha taka zote za kielektroniki, hata zisizo hatarishi, katika utaratibu wa kuomba ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya kusafirisha. Kuvusha kompyuta chakavu kwa boti bila vibali ni kosa, hata kama ni chache.

STATIONARI, AMCOS, SHULE NA ZAHANATI

Walio na taarifa za watu wengine wana wajibu mzito zaidi. Kompyuta ya duka la stationari huwa na nakala za vitambulisho vya mamia ya wateja waliofika kuskani au kujaza fomu. Kompyuta ya AMCOS huwa na orodha ya wakulima, kilo walizouza, namba za simu na akaunti za malipo. Ya zahanati huwa na habari za wagonjwa. Mwenye duka au kiongozi wa chama anapaswa kuhakikisha diski imesafishwa au kuharibiwa mbele ya mashahidi na kuandika kumbukumbu ya kazi hiyo. Njia iliyo bora ni kutoyaacha mafaili yarundikane: nakala ya kitambulisho cha mteja ifutwe mara kazi yake inapokamilika.

Vifaa vya Serikali havigawiwi wala kuuzwa kwa uamuzi wa mtumishi mmoja. Mkuu wa shule au mganga mfawidhi aandike kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ili taratibu za kuondosha mali ya umma zifuatwe. Nyaraka za umma zilizomo zihamishwe kwanza, kwa kuwa zinalindwa na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002.

IWAPO TAARIFA ZIMEKWISHA KUVUJA

Aliyekwisha kuuza au kutupa kompyuta bila kuisafisha bado ana la kufanya. Abadilishe nywila za barua pepe, benki na mitandao ya kijamii kwa kutumia kifaa kingine, akianza na barua pepe kwa kuwa ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine. Apige *106# kwenye simu yake ili kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiona asiyoitambua awasiliane na mtoa huduma ili iondolewe. Namba za matapeli ziripotiwe kupitia 15040. Taarifa zikitumiwa kwa uhalifu, suala lifikishwe kituo cha Polisi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahusika. Malalamiko kuhusu taasisi iliyoshindwa kulinda taarifa za wateja au wanachama wake hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Anayeona kompyuta, monita au nyaya zikichomwa au kutupwa kwenye korongo, mtoni au ufukweni atoe taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au Mtaa, Afisa Mazingira wa Halmashauri, au ofisi ya kanda ya NEMC inayohudumia Mkoa wa Ruvuma, akieleza mahali na wakati. Taarifa itolewe mapema, hasa kabla ya mvua kuanza, wakati bado inawezekana kuziondoa taka hizo zikiwa mahali pamoja.